Mlango Mmoja wa Kodi



Hapa Kiwengwa, mwenye nyumba ndogo ya wageni hubisha hodi katika milango miwili ya kodi. Kodi ya mapato, iliyo jambo la Muungano kwa Katiba ya 1977, huidai TRA. Ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la thamani ni za Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyoirithi Bodi ya Mapato mwaka 2022. Hoteli kubwa za ufukweni zina wahasibu wao. Mnyonge huyu huacha kazi, hujaza ritani huku na kule, na pengine humlipa mtu wa kumsaidia. Basi hulipa mara mbili: kodi, na gharama ya kuilipa.

Hatusemi asilipe, zahanati hazijengwi kwa dua pekee. Lakini serikali yenye nakisi inapozidisha tozo, huzidisha na fomu. Wadogo hujificha, na nakisi hubaki palepale. Haba na haba hujaza kibaba, iwapo wenye haba hawakufukuzwa mlangoni. Katiba haizizuii mamlaka mbili kutumia dirisha moja na fomu moja. Anayerahisisha ulipaji humwondolea mwaminifu adhabu, na mkwepaji kisingizio.