Wacheni kusingizia pilipili

Kila msee ana vidonda vya tumbo, na kila msee analaumu mawazo ama pilipili. Zii! Perth, Australia, 1982: Warren na Marshall wanajaribu kuotesha bakteria kutoka tumbo za wagonjwa. Sahani zilikuwa zinatupwa baada ya siku 2. Pasaka ikafanya zikae 5, na kitu kipya kikamea. Leo tunaiita H. pylori. Wataalamu wengi wakakataa. 1984 Marshall akaikunywa (jamaa ni mgumu), akaugua. Nobel ikakuja 2005.

Sasa wewe unayeuza unga wa vidonda mtandaoni, mbona huambii watu kuna kipimo cha choo, na daktari anaweza kuimaliza na antibayotiki? Sawa, dawa za maumivu pia huleta vidonda. Lakini mtu anameza unga wako miaka 3 na mdudu yuko tu ndani, ametulia.