Fedha zenye mwenyewe si za kununulia hisa

Katika miaka ya karibuni mlango wa uwekezaji umefunguliwa kwa kila mtu mwenye simu. Mwalimu aliye Mandera au Lamu anaweza kununua hati ya dhamana ya serikali bila kuabiri basi la Nairobi, kwa kuwa Benki Kuu ilizindua mfumo wa kufanya hivyo kwa mtandao mwaka 2023. Aidha, tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja tu katika Soko la Hisa la Nairobi, ilhali hapo awali alilazimika kuanzia na hisa mia moja.

Hilo ni jambo la kupongezwa. Kwa muda mrefu soko hilo lilionekana kuwa baraza la matajiri na wanasheria wao, na mwananchi wa kawaida aliyasikia mambo yake redioni tu kama mtu asikiaye ngoma ya kijiji cha mbali.

Hata hivyo, mlango ulio wazi humkaribisha mwenye pupa pamoja na mwenye subira. Mimi nina sababu ya kumhofia mwenye pupa, kwani niliwahi kukaa naye katika chumba kimoja cha walimu.

Ilikuwa mwaka 2008. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika ghasia za baada ya uchaguzi, na watu walikuwa na kiu ya habari njema. Mwishoni mwa Machi serikali ikaanza kuuza hisa bilioni kumi za Safaricom, yaani robo ya kampuni hiyo, kwa shilingi tano kila hisa. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, ambazo ni shilingi 10,000.

Shuleni kwetu hapakuzungumzwa jambo jingine. Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari wa hesabu, alichukua mkopo wa shilingi 50,000 ili aombe hisa 10,000. Alikuwa amepiga hesabu zake: bei ingepanda maradufu kwa siku chache, angeuza, angelipa mkopo, na kilichobaki kingekuwa karo ya mwanawe aliyekuwa akijiandaa kuingia kidato cha kwanza.

Hesabu zake zilikuwa sahihi, lakini misingi yake haikuwa sahihi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, na waombaji wadogo wakagawiwa takriban sehemu moja kwa tano ya walichoomba. Mwenzangu alipata hisa zipatazo 2,100. Fedha zilizosalia zilirudishwa baada ya majuma kadhaa, na kwa kuwa zilirudi kidogo kidogo mikononi mwa mtu mwenye shida nyingi, ziliishia katika paa la jikoni na gharama za matanga.

Mkopo, kwa upande wake, haukupungua hata senti. Ulikatwa mshaharani kila mwezi kwa miaka mitatu.

Hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, na siku za mwanzo bei ilipanda. Baadaye ikashuka, na mapema mwaka 2009 ikawa chini ya shilingi tatu. Karo ilikuwa imefika. Mwenzangu akauza zote, na hakupata hata shilingi 6,300 kwa kitu alichokinunua kwa shilingi 10,500.

Sasa, ndugu msomaji, tazama yaliyofuata. Mwaka 2021 bei ya hisa hizo hizo ilipita shilingi 40. Hisa 2,100 alizoziuza kwa uchungu zingekuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 84,000, mbali na mgawo wa faida wa kila mwaka. Je, tuseme kwamba alinunua kitu kibaya? La hasha. Alinunua kitu kizuri kwa fedha zisizokuwa zake. Nusu yake ilikuwa ya mkopeshaji, na nusu ilikuwa ya bwana mhazini wa shule.

Hili ndilo ninalotaka walimu na wanafunzi walitie akilini. Tunapozungumza juu ya hatari za uwekezaji, tunaitazama hisa, au kampuni, au soko. Mara nyingi hatari kubwa imo katika fedha tunazokwenda nazo sokoni. Fedha yenye miadi ya karo, kodi ya nyumba au marejesho ya mkopo itaondoka siku ya miadi, hata kama siku hiyo bei iko chini kabisa.

Nisieleweke kwamba nasema subira pekee inatosha. Kampuni ya sukari ya Mumias iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2001, na wakulima na walimu wengi wa magharibi mwa Kenya walizinunua kwa fahari. Mwaka 2019 ilikabidhiwa mrasimu kwa ajili ya madeni, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Shirika la ndege la Kenya Airways liliuza hisa zake mwaka 1996 kwa shilingi 11.25, kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 mwenye hisa hizo hakuweza kuziuza sokoni. Na hiyo Safaricom yenyewe, baada ya kupita shilingi 40, ilishuka chini ya shilingi 15 mwaka 2023. Kwa hiyo asiyetaka kulia asiweke mayai yake yote chini ya kuku mmoja, hata kuku huyo akiwa na manyoya ya kupendeza.

Zipo njia nyingine zenye mawimbi madogo zaidi. Kuna hati za dhamana za serikali, ambazo aghalabu huhitaji shilingi 50,000 za kuanzia. Kuna vyama vya akiba na mikopo. Kuna hazina za uwekezaji wa pamoja, ambazo hukusanya fedha za watu wengi na kuziweka katika amana za benki na hati za serikali za muda mfupi. Zote ni njema kwa mahali pake, lakini kila moja ina sharti lake.

Mathalani, anayenunua hati ya serikali ya miaka kumi atalipwa riba yake bila wasiwasi mkubwa akiishika hadi mwisho. Akilazimika kuiuza katikati, na riba za hati mpya zikiwa zimepanda, itambidi aiuze kwa hasara, maana hakuna atakayeitaka hati ya riba ndogo kwa bei kamili. Hapo tena mwenye fedha zenye miadi ndiye anayeumia.

Isitoshe, si kila akiba ina bima. Shirika la Bima ya Amana hulinda fedha zilizo katika akaunti ya benki hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja, iwapo benki itafilisika. Ulinzi huo hauzihusu hisa wala hazina za pamoja. Msomaji asidanganyike kwa kuona neno benki katika karatasi ya matangazo akafikiri amefunikwa na mwavuli huo.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Siku hizi vijana wengi hununua na kuuza sarafu za kigeni kwa simu, usiku kucha, wakiambiwa kwamba mtaji wa shilingi 5,000 unatosha. Wasichoelezwa waziwazi ni kwamba biashara hiyo huendeshwa kwa mkopo uliofichwa ndani yake. Ikiwa kwa kila shilingi moja yako dalali anakuongezea ufanye biashara ya shilingi mia moja, bei ikienda kinyume chako kwa asilimia moja tu, fedha zako zimekwisha. Sarafu inaweza kusogea asilimia moja kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Huyu kijana na yule mwenzangu wa mwaka 2008 wamefanya kosa moja. Tofauti ni kwamba mwenzangu alijua kuwa amekopa.

Ama kuhusu matapeli, historia yetu haijasahaulika. Jopo lililoundwa mwaka 2009 kuchunguza miradi ya upatu iliyokuwa imeenea nchini lilibaini kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni nane. Kipimo changu cha kuwatambua watu hawa ni chepesi. Mwezi Februari 2024, serikali ilipokuwa na haja kubwa ya fedha, ililipa takriban asilimia 18.5 kwa mwaka katika hati za miundombinu, na hicho kilikuwa kiwango cha juu kilichoshangaza wengi. Basi anayekuahidi asilimia 20 kwa mwezi, tena bila hatari, mwulize fedha hizo huzalishwa na shamba gani. Akijibu kwa hadithi ya watu waliokwisha tajirika, chukua kofia yako uondoke.

Aidha, uliza nani anamsimamia. Madalali wa hisa na hazina za pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, benki husimamiwa na Benki Kuu, na vyama vikubwa vya akiba husimamiwa na mamlaka yao, SASRA. Orodha za waliopewa leseni hutolewa kwa umma. Kuzisoma ni kazi ya dakika kumi, na mwalimu anayesahihisha madaftari arobaini kwa usiku mmoja hawezi kudai kwamba hana dakika kumi.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mwalimu hana fedha zisizo na miadi. Kwamba mshahara wake una mwenyewe kabla haujaingia benki. Na kwamba kumwambia asikope ni kumwambia abaki maskini. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inazuia makato yasipite theluthi mbili ya mshahara, na wengi wetu tumeukaribia mpaka huo kiasi cha kuugusa.

Jibu langu ni kwamba mkopo wa kujenga nyumba ya kupangisha au kununua ng'ombe wa maziwa, ingawa nao una hatari zake, hulipwa kwa kitu kinacholeta fedha kila mwezi. Hisa haina ahadi hiyo. Mwenye kipato kidogo na aanze kwa kuweka kando matumizi ya miezi mitatu mahali anapoweza kuyafikia kwa urahisi. Hicho ndicho kitakachomlipia daktari na karo siku soko litakapokuwa chini. Baada ya hapo, hata akinunua hisa tano kwa mwezi, atakuwa mwekezaji wa kweli kuliko aliyekopa akanunua elfu tano.

Na tusisahau kwamba kukaa na fedha chini ya godoro nako ni hatari. Mfumko wa bei huzila polepole kama mchwa, bila kelele.

Kwa muda mrefu vitabu vya somo la biashara vimewafunza wanafunzi wetu maana ya hisa, na wamelijibu swali hilo vyema katika mitihani. Ni wakati sasa tuwafunze kujiuliza swali la kwanza kabla ya kununua: fedha hizi nilizo nazo mkononi ni za nani, na mwenyewe atazitaka lini? Mwenzangu yule alistaafu hivi karibuni. Huwaambia vijana wanaoanza kazi kwamba swali hilo lilimgharimu miaka mitatu ya makato, na kwamba yeye huwapa bure.