Mla Unga Ana Kliniki, Mvuta Sigara Ana Mawaidha Tu

Kliniki ya methadoni ya Kisauni haingoji sikukuu ipite, kwa sababu mwili wa aliyekuwa akila unga haujui Idi wala Jumapili. Kila asubuhi vijana wetu, na siku hizi watu wazima pia, hupanga foleni, huitwa majina, hunywa dozi yao mbele ya mhudumu na kwenda zao. Malindi walitangulia hapa Pwani, mwaka 2015, kisha Kisauni ikafuata. Wengi wetu tunakumbuka jinsi jambo hili lilivyopingwa barazani: mnawapa madawa badala ya madawa? Leo mama anayemshika mwanawe mkono na kumpeleka kliniki hatazamwi vibaya. Tumekubali, kwa tabu na baada ya kuzika wengi, kwamba teja ni mgonjwa na mgonjwa hutibiwa.

Sasa tumtazame mvuta sigara. Si kijana mhuni wa maskani. Ni baba wa watu, fundi, dereva wa tuktuk, mwalimu wa skuli, anayevuta pakiti kwa siku tangu alipobaleghe. Anataka kuacha, na ameshajaribu mara tatu nne. Tumwelekeze wapi?

Nimeliuliza swali hili kwa watu wengi, wakiwemo wauguzi, na jibu ninalopewa ni lile lile: ajikaze. Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu kwenye hospitali moja ya umma, sitaitaja, kwa kikohozi kilichomkatalia kulala. Daktari, kijana mwenye adabu zake, alimuuliza, "Mzee wangu, unavuta?" Mjomba akasema ndiyo, tangu zamani. "Basi wacha," akaambiwa, akaandikiwa dawa ya kikohozi, na nesi akaita mgonjwa mwengine. Hakuulizwa huvuta ngapi, sigara ya kwanza huiwasha saa ngapi, wala amewahi kujaribu kuacha au la. Simlaumu daktari peke yake. Foleni ilikuwa imefika nje, na hata angeuliza, sijui angemwandikia nini kilichokuwepo kwenye dirisha la dawa.

Wavutaji hawataki kuacha, husemwa. Si kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku ulikuta Wakenya watu wazima wapatao milioni 2.5, yaani asilimia 11.6, wanatumia tumbaku ya kuvuta au isiyo ya moshi. Kwa wanaume ilikuwa karibu mmoja katika kila watano. Zaidi ya nusu ya wavutaji walisema walijaribu kuacha katika mwaka uliotangulia. Nia ipo. Tatizo ni kinachotokea baada ya nia: Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, ni kama 4 tu yanayofaulu. Ushauri wa mtaalamu pamoja na dawa huongeza nafasi hiyo zaidi ya mara mbili.

Ukimwambia mtu ajikaze, unampeleka kwenye hizo 4.

Mtaani tunalo neno zuri sana kwa jambo hili, arosto, na tumelifanya la walao unga pekee. Lakini mvuta sigara naye huingia arosto. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya kuvuta, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka damuni. Ndipo mtu anapoanza kuwa mkali bila sababu, mikono haijui iwekwe wapi, usingizi unakatika, kila anayemsemesha anamkera. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo nzito zaidi, kisha hali hupungua kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Ile hamu yenyewe ikija haikai; dakika chache na imepita. Ila asiyeyajua haya huona siku ya pili kwamba mwili wake unamkataa, akarudi dukani akinunua moja, moja tu.

Na ile moja ataipata. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, lakini nitajieni mtaa mmoja hapa Mombasa, Kilifi au Kwale ambapo sigara haiuzwi moja moja, kibiriti kikining'inia kwa uzi. Dawa ya kuachia ndiyo haivunjwi boksi. Ukiipata kwenye famasia, tena si kila famasia, utatakiwa pesa za boksi zima kwa mkupuo. Mchukuzi wa bandarini anayelipwa kwa siku atafanya hesabu gani hapo?

Kwa nini basi mla unga alipata kliniki na huyu hakupata? Jibu si kwamba serikali ilimpenda teja zaidi. Unga wa kujidunga ulikuwa unasambaza Ukimwi kwa sindano, na Ukimwi ulikuwa na wafadhili. Fedha zilifuata virusi, na kwa kufuata virusi zikamkuta kijana wetu na kumwokoa, alhamdulillahi. Mvuta sigara haambukizi mtu kwa sindano. Hufa polepole, kwa moyo, kwa kiharusi, kwa saratani ya mapafu, na cheti chake hakiandikwi sigara. Hakuna balozi atakayekuja kumkatia utepe. Na tusitamani sana njia hiyo ya wafadhili, maana Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 tuliona jinsi huduma za Ukimwi zilivyoyumba nchi nzima.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui, nami naona ndilo la kushikia bango. Pesa za kumtibu mvuta sigara zimeshawekewa sheria. Sheria ile ya 2007 iliunda Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, na miongoni mwa kazi zake ni kuendeleza mipango ya kuwasaidia watu kuacha. Kanuni za mwaka 2014 zikaongeza kwamba watengenezaji na waagizaji wa tumbaku wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka. Kampuni ya British American Tobacco ikaenda mahakamani kuzipinga. Ikashindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake. Hakuna mlango mwengine wa kugonga baada ya hapo.

Lakini Mfuko uko Nairobi, na hospitali ziko kwenye kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Serikali kuu husema matibabu ni kazi ya kaunti; kaunti husema dawa hizo hazimo kwenye bajeti. Baina ya sentensi hizo mbili ndipo alipopotea mjomba wangu.

Wanasiasa wetu wao huona marufuku ni rahisi kuliko dawa. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir akapiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mahakama ikasimamisha, na tukagombana na watu wa Embu kwa wiki kadhaa. Sisemi marufuku haina maana. Mimi mwenyewe nina watoto na sitaki muguka karibu na skuli yao. Ila katika kelele zote zile, ni nani aliyesikia mtu akiuliza aliyekwishazoea atasaidiwa vipi? Na anayetafuna huvuta, kila mtu wa maskani anajua. Tumbaku isiyo na moshi ndiyo kabisa haisemwi: ugoro, kuberi, na tambuu za bibi zetu zinazotiwa tumbaku ndani. Bibi hatajiita mvutaji, wala hakuna atakayemuuliza.

Tusingoje Nairobi na kaunti wamalize kusukumana. Yapo mambo ambayo mtu anaweza kuyafuata leo.

Simu ya NACADA ni 1192. Hailipishwi, hupokewa mchana na usiku, na si ya bangi na pombe tu. Mwenye uraibu wa tumbaku, au mkewe, au mwanawe, ana haki ya kuipiga na kuzungumza na mshauri.

Kisha dawa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kabisa wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, na dawa zinazotajwa si za kubuni. Ya kawaida zaidi ni nikotini yenyewe bila moshi, kwa bandiko la ngozi au chingamu. Watu hushangaa: nikotini tena? Fikiria methadoni. Kinachoua kwenye sigara hasa ni moshi wake, lami na hewa chafu ya kaboni. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu kamba. Bandiko humpa mwili kiasi kidogo, kwa utaratibu, huku mtu akijifunza kuishi bila kuwasha. Mwenye kuvuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na bandiko la miligramu 21 kwa wiki kama 6, akashuka 14, kisha 7, na kumaliza ndani ya wiki 10 hivi. Chingamu nayo haitafunwi kama bazoka ya watoto. Hutafunwa polepole hadi iwashe ulimi, huegeshwa shavuni ikatulia, kisha hutafunwa tena, muda wa nusu saa. Anayewasha sigara ya kwanza kabla ya nusu saa kupita tangu aamke anahitaji ile kali, ya miligramu 4. Kutumia bandiko na chingamu pamoja husaidia zaidi ya kimoja peke yake.

Na hapa nina neno na wazee wa baraza. Kahawa ikinywewa karibu na chingamu huifanya nikotini isiingie vizuri, kwa hivyo muachane robo saa. Isitoshe, kahawa chungu na sigara vimeoana kwa miaka mingi kiasi kwamba kikombe chenyewe huita moshi. Kuna watu walioacha sigara kwa kuhama baraza kwa mwezi mmoja. Wenzao walinuna, kisha wakazoea.

Zipo pia dawa za vidonge, varenikilini na bupropioni, ambazo tangu mwaka 2021 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nikotini ya matibabu imo humo tangu 2009. Vidonge hivi ni vya kuandikiwa na daktari. Mwenye kifafa, kwa mfano, hapewi bupropioni. Mjamzito na mgonjwa wa moyo nao wasijinunulie chochote bila kuonana naye. Lakini jambo la kumwambia daktari ni moja: usiniambie niache, niambie niache vipi. Vile vifuko vya nikotini na sigara za umeme wanazouziwa vijana kama njia safi ya kuacha nisingempa mwanangu. Havikuja kwa cheti cha daktari, na kwa wengi ndipo uraibu unapoanzia.

Masheikhe wetu wametofautiana, wapo wanaosema makuruhu na wapo wanaosema haramu, na khutba juu yake tumezisikia tangu utotoni. Ningependa msikiti ufanye na zaidi. Ramadhani mvutaji hukaa zaidi ya saa 13 bila sigara, siku 29 au 30 mfululizo, na ifikapo magharibi mwili wake umeshamaliza karibu nikotini yote ya usiku. Hakuna kliniki iliyoweza kumfikisha mtu hapo bure. Kisha tunamwachia baraza la baada ya tarawehe limrudishe. Sigara ya futari ndiyo ya kupambana nayo, na hapo ndipo chingamu ina kazi. Kuhusu mchana, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah liliamua mwaka 1997 kwamba dawa za kupaka na mabandiko yanayopita kwenye ngozi hayabatilishi saumu. Muulize sheikh wako kabla mwezi haujaandama, si katikati.

Upande wa kaunti, sidai majengo. Kliniki za kifua kikuu zipo hadi kwenye zahanati, na moshi wa sigara ni miongoni mwa mambo yanayochochea ugonjwa huo. Mgonjwa ana faili, hurudi kwa tarehe, muuguzi anamjua kwa jina. Muuguzi huyo akifundishwa kuuliza na kushauri, kazi ya dakika 5, huduma imeanza. Hata kwa vijana wa methadoni, ambao wengi wao wameacha unga wakabaki na sigara, mshauri yupo tayari jengo hilo hilo. Kinachokosekana ni dawa kwenye rafu, na hilo ni suala la mstari mmoja kwenye bajeti. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti huitishwa kila mwaka na mara nyingi hujaa watu wa barabara na mabomba ya maji. Nitakwenda cha wadi yetu nikiwa na swali hili: kaunti imeshawahi kuandika barua kwa Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku kuomba sehemu ya ile asilimia 2, na kama imeandika, ilijibiwa nini?