Sindano za kupunguza uzito: Funzo kutoka kwa wagonjwa wa kisukari vijijini

Na Mwandishi Wetu, Tarime

SINDANO za kupunguza uzito, ambazo miaka michache iliyopita zilisikika tu katika habari za wasanii na matajiri wa Marekani na Ulaya, sasa zimeingia katika mazungumzo ya kawaida ya Watanzania wengi. Mtu mwenye simu ya mkononi, awe mjini Tarime au Mugumu wilayani Serengeti, anaweza kuona picha za waliozitumia wakapungua, pamoja na matangazo ya wanaodai kuziuza.

Swali linalostahili kujibiwa mapema si iwapo dawa hizi zinapunguza uzito, kwa kuwa hilo limekwisha kuthibitishwa. Swali ni iwapo mwananchi aliyeandikiwa na daktari ataweza kuitunza dawa hiyo na kujichoma mwenyewe nyumbani bila kujidhuru, katika mazingira ambayo zahanati iko mbali, umeme hukatika na jokofu ni mali ya wachache.

Bahati njema ni kwamba swali hilo si geni. Wagonjwa wa kisukari wanaotegemea insulini wamekuwa wakijichoma sindano majumbani kwa miaka mingi, wakiwamo wakulima na wafugaji wa vijijini. Yaliyowasaidia na yaliyowakwamisha ndiyo yanayopaswa kuongoza mjadala huu.

Dawa inayozungumzwa zaidi ni semaglutide, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Ozempic iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili, na Wegovy ikaidhinishwa Juni 2021 kwa ajili ya unene uliopitiliza. Hudungwa chini ya ngozi mara 1 kwa wiki, na huiga kichocheo cha asili cha utumbo kinachompa mtu hisia ya kushiba.

Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliohusisha watu wazima 1,961, waliotumia dawa hiyo kwa wiki 68 walipungua uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15. Hata hivyo, ufuatiliaji ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya kuacha, washiriki walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa maana hiyo, anayeanza sindano hizi anaingia katika matibabu ya muda mrefu, sawa na mgonjwa wa shinikizo la damu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu Septemba 2025, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye unene uliopitiliza pamoja na maradhi ya moyo au figo. Desemba mwaka huohuo, likatoa mwongozo wa kuzitumia kutibu unene kwa watu wazima, isipokuwa wajawazito, kwa masharti kwamba ziambatane na mabadiliko ya ulaji na mazoezi. Shirika hilo lilikiri kuwa hadi mwaka 2030 dawa hizi zitawafikia watu wasiofika asilimia 10 ya wanaozihitaji.

Kwa Tanzania, tatizo lenyewe si la kubeza. Utafiti wa Hali ya Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Katika utafiti wa mwaka 2015-16, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 28.

Hatari ya kwanza ya kujichoma nyumbani ni kipimo. Semaglutide huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, kisha huongezwa hatua kwa hatua kila baada ya wiki 4. Kalamu yake halisi huja ikiwa imepangiwa vipimo. Lakini pale dawa inapouzwa ikiwa ndani ya chupa, mtumiaji hulazimika kuivuta kwa bomba la sindano, na hapo ndipo miligramu, mililita na yuniti vinapochanganywa.

Julai 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya watu kujidunga kipimo kilichozidi mara 5 hadi 20 ya walichoandikiwa, kwa kukosea kuvuta dawa kutoka kwenye chupa. Baadhi yao walilazwa hospitali. Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye famasia karibu kila mtaa, mtu wa kijijini anayesoma maelekezo kwa Kiingereza yupo katika hatari kubwa zaidi.

Mgonjwa wa kisukari anaujua mtego huo. Insulini inayotumika kwa kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita, na bomba lake limechorwa mistari kwa kipimo hicho. Akitumia bomba lililotengenezwa kwa insulini ya yuniti 40, kipimo hubadilika bila yeye kujua, na sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Ndiyo maana kliniki humfundisha kwa vitendo na kumtaka arudie mbele ya muuguzi.

Kwamba watu wa vijijini wanaweza kufundishika si jambo la kubishaniwa. Katika wilaya ya Mubende nchini Uganda, wanawake 380 walifundishwa kujidunga wenyewe sindano ya uzazi wa mpango. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa miezi 3 baada ya mafunzo, zaidi ya 8 kati ya kila 10 waliweza kujidunga kwa usahihi. Kinachokosekana vijijini, kwa hiyo, ni mtu wa kufundisha na muda wa kufundisha.

Hatari ya pili ni joto. Tarime ya milimani ina hali ya hewa ya ubaridi, lakini tambarare za Serengeti hupata jua kali. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na wasio na jokofu huitunza ndani ya chungu chenye maji au mchanga uliolowanishwa. Njia hiyo ina mashiko. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021 kwa kutumia viwango vya joto vilivyopimwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab nchini Kenya, ulionyesha kuwa insulini iliyokaa kwenye nyuzijoto kati ya 25 na 37 kwa wiki 4 haikupoteza nguvu.

Lakini matokeo hayo ni ya insulini, na si halali kuyahamishia kwenye dawa nyingine. Kalamu ya Ozempic iliyoanza kutumika huruhusiwa kukaa nje ya jokofu kwa siku 56 mradi joto lisizidi nyuzi 30. Wegovy ina masharti tofauti, ingawa dawa iliyomo ni ileile. Dawa zote hizi zikiganda kwa barafu zinapaswa kutupwa, hata kama zimeyeyuka tena.

Hatari ya tatu ni dawa bandia. Juni 2024, WHO ilitahadharisha kuhusu semaglutide bandia zilizobainika Brazil, Uingereza na Marekani. Wilaya ya Tarime ina mpaka wa Sirari, wenye biashara kubwa na upande wa Kenya. Kalamu iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, popote ilipotoka, haina anayeweza kuthibitisha ilikaa kwenye joto gani wala ndani yake kuna nini. Hii ni dawa ya cheti, na mahali pake ni famasia iliyosajiliwa.

Hatari ya nne ni kuazimana. Kalamu moja haipaswi kutumiwa na watu wawili hata kama sindano imebadilishwa, kwani damu huweza kurudi ndani na kuambukiza virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Sindano iliyotumika nayo haitakiwi kutupwa jalalani wala chooni. Iwekwe katika chombo kigumu chenye mfuniko, kisha ipelekwe zahanati ambako yapo masanduku maalumu.

Aliyeandikiwa dawa hizi na daktari anawe mikono, akague tarehe na rangi ya dawa, atumie sindano mpya kila mara, na abadilishe sehemu ya kuchoma kati ya tumbo, paja na mkono wa juu. Kichefuchefu na kuharisha ni vya kawaida mwanzoni. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma yanaweza kuashiria uvimbe wa kongosho, na hayo ni ya kukimbilia hospitali. Anayetumia pia insulini asianze bila daktari kupitia upya vipimo vyake, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watunga sera hawana budi kulitazama. Mwaka 2024, Afrika Kusini ilijikuta bila kalamu za insulini ya kawaida katika hospitali za umma baada ya kampuni ya Novo Nordisk, ambayo ndiyo mtengenezaji wa Ozempic na Wegovy, kutoendelea na mkataba. Kampuni ilitaja ufinyu wa uwezo wa uzalishaji. Wanaharakati walilihusisha suala hilo na faida kubwa inayopatikana kwenye dawa za kupunguza uzito. Wagonjwa wakarudishwa kwenye chupa na mabomba.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo kwa wilaya kama Tarime na Serengeti. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini kwa siku chache anaweza kufa. Mtu mzima mwenye unene uliopitiliza naye ni mgonjwa anayestahili matibabu, lakini anao muda wa kusubiri afundishwe na kupimwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango wa kujadili ni huduma zipi zilipiwe. Kabla ya kalamu mpya kuingizwa katika orodha hiyo, ni vyema serikali ihakikishe kwamba kila kituo cha afya kina muuguzi aliyefunzwa kufundisha kujichoma, mabomba yanayolingana na insulini iliyopo na sanduku la kupokea sindano zilizotumika kutoka majumbani. Mambo hayo 3 yatamnufaisha mgonjwa wa kisukari leo, na yatamkuta tayari yule wa sindano ya uzito kesho.