Rumba Haikurudi Nyumbani

Mjadala wa muziki wa dansi ukipamba moto, kauli ni ileile: rumba ni mali ya Kongo, ilibebwa na watumwa hadi Cuba, kisha ikarudi nyumbani. Kauli hii ni tamu masikioni, ila inawadhulumu Wacuba walioutunga muziki huo na Wakongo walioufumua na kuusuka upya. Rumba ya Cuba yenyewe ni ngoma na sauti za waimbaji, haina gitaa. Kilichofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, si hiyo bali ni son, muziki wa mashariki ya Cuba uliochanganya nyuzi za Kihispania na midundo ya Kiafrika. Ulikuja kwa njia ya biashara, katika santuri za mfululizo wa GV zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933.

Wapo watakaosema damu ni nzito: Wakongo wengi walipelekwa Cuba utumwani, na ngoma za huko zina asili ya Kibantu. Hilo halina ubishi. Lakini kama mvuto wenyewe ulikuwa damu ya Kongo, mbona son ilishika pia Dakar, na kule Morogoro mwanamuziki Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba? Wasikilizaji wa miji hiyo walipenda muziki wa kisasa uliopigwa na watu weusi, usiofanana na ule wa wakoloni wao.

Nao wanamuziki wa Léopoldville hawakuwa wakikumbuka cha mababu, walikuwa wanajifunza. Walisikiliza gramafoni, wakaiga hata Kihispania wasichokielewa, kisha wakaanza kubadilisha. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy na Henri Bowane walirekodi Marie-Louise kwa Kilingala. Baadaye Nico Kasanda wa bendi ya African Jazz akalipa gitaa kazi ambayo Wacuba waliiachia piano. Mashairi yakiisha, linaingia sebene: magitaa yanajibizana, wachezaji wanajimwaga ukumbini. Sebene la namna hiyo halikuja na santuri yoyote ya Cuba. Hata UNESCO iliorodhesha rumba ya Cuba mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021, kila moja peke yake.

Kudai kwamba rumba ilirudi tu ni kumfanya Kasanda mpokea mizigo bandarini. Anayetaka kuisifu Kongo asitafute sifa hizo kwenye meli za watumwa. Azitafute kwenye kazi waliyoifanya akina Bowane, Kasanda na mpiga gitaa Franco studioni.