Goma: Kwa nini mtoto wa mkimbizi alipe mwaka mmoja mara mbili?

Wasikilizaji wetu wa kila siku, na ninyi mnaotusoma kwa simu mkiwa Minova, Sake, Kitshanga, Beni ama ng'ambo ya mpaka, leo sileti habari za mapigano. Nataka kusema juu ya vyuo vya biashara na usimamizi, na namna vinavyowapokea vijana waliokimbia vita wakiwa wamekwisha soma. Si vyuo vyote, na sitataja jina la chuo hata kimoja. Anayehusika atajitambua. Lakini jambo lenyewe nitaliita kwa jina lake: ni wizi unaofanywa kwa kalamu na muhuri.

Mambo yanakwenda hivi. Kijana amemaliza mwaka wa kwanza wa usimamizi, L1, katika chuo kimoja cha teritwari ya Masisi ama Rutshuru. Ameshinda, jina lake lilibandikwa kwenye valve, wenzake waliliona. Vita ikaja, akakimbia na wazazi wake. Amefika mjini, anapeleka jina katika chuo cha biashara ili aingie L2. Ofisi ya apariteri inamwomba releve ya pointi, karatasi ya asili, yenye sahihi na muhuri. Hana. Ana picha yake tu kwenye simu, tena simu ya dada yake. Chuo alichosomea kimefungwa, apariteri wa kule naye amekimbia, na hakuna anayejua daftari za pointi zilibaki wapi. Anajibiwa neno moja: "Anza L1."

Kuanza L1 ni nini? Ni kulipa upya gharama ya kuandikishwa, minervali, labo ya kompita, kadi ya mwanafunzi na mengine yote ambayo wazazi wanayajua kuliko mimi. Ni kukaa miezi 10 ukisikiliza kozi uliyokwisha kushinda. Baba mmoja alitupigia simu studioni akaeleza kwamba mtoto wake yuko L1 kwa mara ya tatu, na kila mara sababu ni vita, si pointi. Alikimbia kijiji, kisha kambi nayo ikavunjwa mwezi wa 2 mwaka 2025, kama ilivyokuwa kwa wakaaji wa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya. Kila alipofika, chuo kilimrudisha mwanzo.

Sasa tuangalie sheria, kwa sababu viongozi wa vyuo wanapenda kutuambia kwamba ndiyo inayowafunga mikono. Sheria ya mwongozo wa elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ndiyo iliyofungulia nchi yetu mlango wa LMD. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo huo ukaanza kutumiwa kwenye vyuo, kuanzia mwaka wa kwanza. Zamani mtu alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Leo licence ni miaka 3 na krediti 180, yaani krediti 60 kwa mwaka, 30 kwa kila muhula. Na nguzo ya LMD, popote duniani inapotumiwa, ni hii: krediti ukisha kuipata ni yako, haifutwi, na ukihamia chuo kingine inahama nawe. Ni kama pesa yako kwenye simu. Ukitoka Rutshuru ukaja Goma, hakuna wakala atakayekuambia kwamba pesa yako ilibaki Rutshuru.

Basi vyuo vyetu vimechukua nini katika LMD? Vimechukua majina. G1 ikawa L1, bango langoni likapakwa rangi mpya. Lakini ukiingia ofisini, fikira ni zilezile za zamani: kama hukusoma kwetu, hukusoma. Na hawa ni watu wanaofundisha uhasibu! Asubuhi mwalimu anamwambia mwanafunzi kwamba kila deni sherti liandikwe kitabuni, hakuna kufuta. Mchana chuo hichohicho kinafuta krediti 60 za mtoto wa watu bila hata kuandika barua.

Kuna kundi la pili ambalo halitajwi sana. Ni watoto waliosoma sekondari katika sekshoni ya biashara na usimamizi. Hawa wamefundishwa uhasibu miaka 4. Katika Exetat wamepita kwenye jury pratique, wakaandika jurnali, wakafanya balansi, wakapata diplome ya Serikali. Wanafika L1 ya chuo cha biashara, wanakaa benchi moja na aliyetoka Bio-kemia ama Pedagogia, na mwalimu anaanza: debi ni mkono wa kushoto, kredi ni mkono wa kulia. Mwenye Bio-kemia anajifunza, na ni haki yake. Lakini yule wa sekshoni ya biashara analipa ili asikilize alichokuwa akimfundisha mdogo wake nyumbani.

Sisemi wapewe krediti za bure. Nasema wapimwe. Chuo kiwaandalie mtihani mwanzoni mwa mwaka, uleule wanaopewa wanafunzi wa L1 mwishoni mwa kozi. Anayeshinda apewe krediti za kozi hiyo, atumie saa zake kwa Kiingereza, kwa kompita, ama kwa kuuza soko la Virunga ili apate minervali ya muhula wa pili. Anayeshindwa akae darasani kama wengine. Mtoto wa mkimbizi mwenye picha ya releve kwenye simu naye apimwe hivyohivyo. Mtihani wa uhasibu haudanganywi na muhuri: ama unajua kufunga hesabu za mwaka, ama hujui.

Nimewahi kujibiwa na mwalimu mmoja kwamba uhasibu wa sekondari si ule wa chuo, kwa sababu siku hizi tuko chini ya OHADA. Jibu hilo lingekuwa na nguvu miaka kumi iliyopita. Congo iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na mpango wa hesabu wa OHADA ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa Congo kuanzia 2014, kisha ukafanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika 2018. Mtoto aliyepata diplome 2024 ama 2025 alikuwa bado shule ya msingi wakati mambo hayo yanabadilika. Kwake 401 ni mwuzaji anayetudai, 411 ni mteja tunayemdai, 57 ni sanduku la pesa, Masisi kama Goma. Akaunti haina kijiji.

Kisha wanaleta neno la karatasi za uongo. Hapo sitabisha: zipo. Tunajua kwamba kuna watu wanaotengeneza diplome na releve, na tunajua bei hupatanwa kama ya maharagwe. Lakini fikirini kidogo. Mwenye kughushi huja na nini? Huja na karatasi safi, muhuri wa duara kabisa, sahihi yenye wino mbichi. Karatasi iliyopasuka, yenye tope ama isiyokuwapo kabisa, ni ya mtu aliyekimbia usiku. Kwa hiyo kanuni ya "leta karatasi ya asili" inampitisha mwongo na kumzuia mkweli. Na kwa diplome ya Serikali, njia ya kuhakikisha ipo: kila mtahiniwa wa Exetat ana kodi yake, palmaresi hutolewa, na inspeksheni ina majina. Ni kazi ya kupiga simu na kuandika barua. Tatizo ni kwamba kazi hiyo inaachiwa mwanafunzi mwenyewe, mtu asiye na pesa ya moto kurudi Masisi, na asiye na hakika ya kutoka huko akiwa hai.

Tena tusisahau kwamba diplome yenyewe huchelewa miaka. Mwenye attestation ya kushinda anaangaliwa kama mshukiwa, wakati aliyechelewesha diplome ni Serikali.

Wengine husema mambo ya mawasiliano yamekatika tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kwamba upande huu haupati karatasi za upande ule. Nami nauliza: mwezi wa 6 mwaka 2025, watoto wa Goma na Bukavu hawakufanya Exetat ileile ya taifa? Walifanya. Karatasi za maswali zilipita mstari wa vita, na majibu yakapita pia. Ikiwa mtihani wa nchi nzima uliweza kupita, releve moja ya L1 inashindwaje? Haishindwi. Hakuna anayeihangaikia.

Na hapa nafika kwenye sababu ambayo haisemwi mbele ya maikrofoni. L1 ndiyo promosio inayojaza sanduku. Tuseme mwaka unagharimu dola 300 pamoja na yote. Wanafunzi 20 wakirudishwa kutoka L2 hadi L1, chuo kimejipatia dola 6,000 za mwaka ambao ulikwisha lipwa mahali pengine. Nafahamu hali ya vyuo. Benki zilifungwa mjini tangu Januari 2025, noti zilizobaki mkononi zimechakaa mpaka wauzaji wanazikataa, walimu wanafundisha kwa deni. Mwalimu naye ana watoto. Lakini pesa hiyo haiwezi kutoka kwa mama anayeuza makala huku akilipa komisheni kila akitoa franga kwenye simu. Kama chuo kina shida ya pesa, kiseme kina shida ya pesa. Kisimwambie msichana wa watu kwamba shida ni pointi zake.

Nimesema msichana makusudi. Nyumba yenye watoto wawili waliorudishwa L1, na pesa ya mmoja tu, mnajua nani atabaki nyumbani. Baada ya miezi michache posa inakuja, na masomo yamekwisha. Kwa mvulana njia nyingine inamngoja porini, na hiyo nayo haiombi releve.

Tusidhani kwamba ninaomba kitu cha ajabu. Ndugu zetu waliochukuliwa kwenda kuishi Marekani wanasimulia kwamba huko kuna mitihani iitwayo CLEP, na mmoja wao ni wa uhasibu. Mtu anajisomea peke yake, anafanya mtihani, akishinda vyuo vingi vinampa krediti bila kumwuliza alijifunzia wapi. Ufaransa ina sheria inayomruhusu mtu kupata diplome kwa ujuzi alioupata kazini. Sheria hiyo ni ya tarehe 17 Januari 2002, siku ileile Nyiragongo ilipoteremsha moto katikati ya Goma. Wao siku hiyo waliandika kwamba anachojua mtu kina thamani hata kama hakuketi darasani. Sisi zaidi ya miaka 20 baadaye tunakataa hata kile alichokijua akiwa ameketi darasani, akiwa amelipa, akiwa amepimwa.

Kwa hiyo ninyi wakuu wa vyuo vya biashara, tunawaomba haya kabla ya kufunga maandikisho. Mpokeeni mwenye picha ya releve kwa muda, aingie L2, nanyi mwandikie chuo alichotoka. Pale ambapo chuo hakipo tena, mpimeni. Na mkimkataa, mpeni barua yenye sababu na sahihi. Hilo la barua ndilo naona litawasumbua zaidi, kwa maana neno la mdomo dirishani halina mwenyewe.

Nanyi familia, wakati tunawangoja, msikae mikono mitupu. Diplome, attestation, releve, buletini za sekondari na hata bordero za malipo: pigeni picha mbele na nyuma, tumeni kwa ndugu wawili walio miji tofauti. Aliyepoteza releve atafute picha ya valve. Mara nyingi kuna mwenzake wa promosio aliyeipiga siku ya matokeo. Atafute pia wenzake watatu waliosoma naye, waandike na kutia sahihi kwamba alishinda. Si karatasi ya Serikali, lakini ni zaidi ya mkono mtupu.

Waliokwisha kukataliwa mwaka huu waandike kwenye karatasi mwaka waliosoma, kozi walizoshinda, pesa walizolipa na sababu waliyopewa, walete redioni ama watume kwa namba mnayoijua. Majina tutayaficha. Karatasi hizo tutazipeleka kwa makatibu wakuu wa masomo wa vyuo vya biashara, kimoja baada ya kingine, tukiwa na maikrofoni, na majibu yao mtayasikia katika matangazo ya saa 12 jioni.