Damu ni Yako, Mkono ni wa Nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, povu limenifika masikioni, redio ikamleta dada mmoja mwenye saluni. Mtangazaji anamwita "Dokta", maana siku hizi ukinunua koti jeupe udaktari unapewa kama nyongeza. Dada alikuwa akinadi dawa ya makovu ya chunusi: unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine, yale maji ya manjano yenye chembe sahani yanadungwa usoni. Akaulizwa kuhusu madhara. Akacheka: "Ni damu yako mwenyewe, mpenzi. Itakudhuruje?"

Kinyozi akaitikia kwa kichwa, wembe uko shingoni mwangu.

Kauli hii imenichosha. Tangu lini cha kwako kikawa hakidhuru? Chunusi inatokana na mafuta ya ngozi yako mwenyewe na bakteria wanaoishi kwenye vinyweleo vyako mwenyewe. Kovu umelishona mwenyewe. Keloidi nayo hukuiazima kwa jirani. Wahenga walishayamaliza haya: kikulacho ki nguoni mwako.

Tena damu ni yako ikiwa mshipani. Ikishaingia kwenye kichupa ni ya aliyekishika. Huko Albuquerque, Marekani, mwaka 2018 mwanamke mmoja aligundulika ana virusi vya UKIMWI, na haikujulikana njia nyingine ya kuvipata ila huduma kama hii aliyofanyiwa usoni kwenye saluni moja. Wakaguzi walipoingia saluni ile isiyo na leseni walikuta vichupa vya damu visivyo na majina, vingine ndani ya friji pamoja na chakula, na sindano zilizokwisha kufunguliwa zimetapakaa. Mwaka 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilieleza kuwa wateja watatu yaelekea waliambukizwa humo. Wote watatu waliingia kwa ajili ya damu yao wenyewe.

"Mbona mastaa wanafanya?" Ndiyo hoja niliyotupiwa na mpwa wangu. Kweli, Kim Kardashian alionyesha dunia uso uliolowa damu mwaka 2013. Baadaye akasema hatarudia, kwa maumivu aliyoyapata. Sehemu hiyo ya habari haijafika saluni zetu. Bado iko bandarini.

Mpwa wangu alikuwa na send-off. "Mjomba, nisindikize, nataka uso uwe laini." Nikamsindikiza saluni. Mashine ya kuzungushia damu ilikaa kati ya draya ya nywele na hotipoti ya wali. Kando yake vichupa viwili: kimoja kimeandikwa "dada 1" kwa kalamu ya wino, cha pili hakina kitu. Nikauliza hiki ni cha nani. Msichana akakiinua kwenye mwanga kama anayekagua yai, akasema, "Hiki kitakuwa cha yule dada wa asubuhi."

Kitakuwa! Nikamshika mpwa wangu mkono tukatoka.

Tukaenda kwa daktari wa ngozi. Alipomtazama alisema hana hata kovu. Ana madoa meusi, ambayo mengi hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa chunusi ikidhibitiwa na uso ukikingwa na jua. Kuchomwa vijisindano usoni kungeweza kuyakoleza. Na chunusi zilichochewa na krimu ya kung'arisha yenye steroidi, aliyouziwa na mtu wa saluni vilevile. Wanakuuzia ugonjwa mlango wa mbele, na tiba mlango wa nyuma.

Mtaniambia tafiti za tiba hii ya damu zipo. Zipo, ndogo ndogo, kila mtafiti anazungusha damu kwa mwendo wake, na mara nyingi maji hayo ni msaidizi tu wa leza au vijisindano. Msaidizi huyo ndiye anayetozwa bei ya bosi. Anayetaka kutibiwa kovu la kweli, lenye shimo, aende kwa mtaalamu. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Hakiuzi wigi.

Sisi ni watu tuliolelewa na matangazo ya UKIMWI: usichangie wembe, usichangie sindano. Hata siku ile, kabla kinyozi hajanigusa, nilimwambia afungue wembe mpya mbele ya macho yangu, naye hakununa. Wembe wa bei ya pipi tunauulizia. Basi, dada yangu, sindano itakayoingia usoni mwako mara ishirini nayo iulizie: nani kaifungua, kichupa kina jina la nani, na leseni ya huyo "Dokta" imetundikwa ukuta gani. Akikujibu kwamba ni damu yako mwenyewe, chukua mkoba wako uondoke nayo.